Ziwa la Hangzhou linalosifika duniani lilitunzwa na watu wa kuja

MAONI

Wafanyabiashara wa Kongo wanaosafiri kwenda China wanaijua Yiwu kama wanavyolijua soko la nyumbani. Huko wananunua viatu, vyombo vya jikoni, mapambo na vifaa vya shule, wanajaza kontena na kurudi. Wachache wanajua kwamba kutoka Yiwu, kwa treni ya kasi, ni chini ya saa moja kufika Hangzhou, mji mkuu wa jimbo hilohilo la Zhejiang. Upande wa magharibi wa mji wa zamani kuna ziwa linaloitwa Xi Hu, maana yake Ziwa la Magharibi. Mamilioni ya watu hulitembelea kila mwaka, na tangu 2011 limo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Wakongomani wanaopata siku moja ya kupita pale hupiga picha juu ya daraja, huzituma nyumbani kwa simu, na jibu linalorudi mara nyingi ni lilelile: wenzetu Mungu amewapendelea.

Jibu hilo si la kweli, na linafaa kusahihishwa. Xi Hu si zawadi iliyoanguka kutoka mbinguni. Ni ziwa ambalo lingekuwa limekufa zamani kama watu wasingeingia ndani ya tope na kulichimbua, tena na tena, kwa zaidi ya miaka elfu moja. Na wengi wa waliolitunza hawakuzaliwa pale. Walikuwa wageni. Baadhi yao walikuwa wamekimbia vita.

Ziwa dogo kuliko Idjwi

Kwanza ukubwa. Xi Hu lina kilomita za mraba zisizofika 7, na kulizunguka ni mwendo wa kilomita 15 hivi. Kina chake cha wastani ni mita mbili na kidogo. Ziwa Kivu lina kilomita za mraba karibu 2,700 na kina kinachopita mita 450. Kisiwa cha Idjwi peke yake kinalizidi Xi Hu zaidi ya mara arobaini. Kama sifa ingegawanywa kwa ukubwa au kwa kina, hakuna mtu angesafiri kwenda Hangzhou kuona maji.

Zamani Xi Hu lilikuwa ghuba ndogo ya bahari, karibu na mahali Mto Qiantang unapomwaga maji yake. Mchanga na tope vikaziba mlango, na maji yakabaki ndani. Ziwa la namna hiyo halidumu lenyewe. Tope hujaa chini, majani huota juu, na baada ya miaka linageuka kinamasi, kisha shamba. Maziwa mengi ya aina hiyo yamepotea. Hili lilibaki kwa sababu moja: kuna watu waliokataa lipotee.

Maji ya kunywa kabla ya uzuri

Mambo hayakuanza na utalii. Yalianza na kiu. Ardhi ya Hangzhou ilikuwa karibu na bahari na maji ya visima yalikuwa na chumvi. Mwaka 781 gavana aliyeitwa Li Bi, mtu kutoka mji mkuu wa mbali wa wakati huo, alichimbisha mifereji ya chini ya ardhi na kuleta maji ya ziwa hadi kwenye visima sita ndani ya mji. Ndipo watu wakaweza kuishi pale kwa wingi.

Mama anayeteremka asubuhi na bidoni hadi ukingo wa Kivu ataelewa habari hiyo haraka kuliko mtalii. Ziwa ni bomba kabla halijawa picha. Mji unaosahau hilo unaharibu vyote viwili.

Miaka arobaini baadaye, kati ya 822 na 824, gavana alikuwa Bai Juyi, mmoja wa washairi wakubwa wa China. Alizaliwa Henan, kaskazini, na akiwa mtoto alipelekwa kusini kwa sababu ya vita. Alipofika Hangzhou kama kiongozi aliinua tuta ili ziwa lihifadhi maji mengi zaidi kwa mashamba wakati wa ukame. Kabla ya kuondoka aliacha maandishi yanayoeleza maji yafunguliwe vipi na yalindwe vipi. Hakuacha sanamu yake. Aliacha maelekezo ya kazi.

Mtalii wa leo huanza matembezi yake kwenye Daraja Lililovunjika, ambalo kwa kweli halijavunjika, kisha anafuata njia ya Bai inayokata maji hadi kwenye kilima cha Gushan. Tuta alilolijenga Bai Juyi mwenyewe lilipotea zamani, na hili linaloonekana ni jingine. Wakaaji wa Hangzhou wanajua hivyo, na bado wameliita kwa jina lake. Mgeni aliyefanya kazi miaka miwili tu anakumbukwa miaka 1,200 baadaye.

Tope lililogeuka njia

Kazi kubwa zaidi ni ya Su Shi, anayejulikana pia kama Su Dongpo. Huyu alikuwa mtu wa Sichuan, mbali sana upande wa magharibi. Alikuwa ameshapelekwa uhamishoni kwa sababu ya maandishi yake, na baadaye angepelekwa tena. Mwaka 1089 alifika Hangzhou kama gavana na kukuta majani na matope yamefunika karibu nusu ya ziwa. Ukame ulikuwa umepita, watu wana njaa.

Aliandikia serikali kuu kueleza kwamba mji usio na ziwa hili hautakuwa na maji ya kunywa, ya shamba wala ya mifereji ya boti. Kisha akafanya jambo ambalo viongozi wa kila mahali wangefaa kulisoma. Alitumia akiba ya msaada wa njaa kuwalipa watu wafanye kazi ya kusafisha ziwa. Wenye njaa walipata chakula, ziwa likapata pumzi. Kule Kongo neno salongo linajulikana vizuri, na linajulikana pia kwamba salongo ya bure, inayofanywa na maskini peke yao huku wakubwa wakitazama, haidumu. Ile ya Su Shi ililipwa.

Swali lililobaki lilikuwa tope lote lipelekwe wapi. Halikupelekwa mbali. Lilirundikwa ndani ya ziwa kwa mstari, kutoka kusini hadi kaskazini, likawa tuta la kilomita 2.8 lenye madaraja sita, na miti ikapandwa juu yake. Tuta hilo la Su lipo hadi leo. Msimu wa machipuko mierebi na mipichi hujaa majani na maua pande zote mbili, na watu hutembea pale wakidhani wanaona mandhari ya asili. Wanatembea juu ya taka ya ziwa.

Su Shi alijua pia kwamba ziwa lililosafishwa leo litachafuka kesho. Aliwakodisha wakulima sehemu za pembeni wapande mazao ya majini, na pesa zao zikalipia matunzo. Lakini aliweka minara midogo ya mawe majini kuonyesha mpaka: kuanzia hapa kwenda ndani, hakuna kupanda. Minara mitatu inayoonekana sasa ilijengwa upya karne kadhaa baadaye, nayo imekuwa alama ya ziwa zima. Aliyeshika noti ya yuan 1 ya toleo la 1999 ameishika picha yake mkononi. Wengi wanaona pambo. Kumbe lilikuwa tangazo la sheria.

Mji wa waliokimbia

Baada ya Su Shi ikaja balaa. Mwaka 1127 majeshi ya Wajurchen kutoka kaskazini yaliiteka Kaifeng, mji mkuu wa utawala wa Song. Mfalme na ukoo wake wakachukuliwa mateka. Mmoja wa wana wa kifalme aliponyoka na kukimbilia kusini, na nyuma yake umati wa watu: maofisa, askari, mafundi, wapishi, wajane, watoto. Baada ya kuhangaika mji hadi mji, mwaka 1138 ufalme ulikaa rasmi Hangzhou.

Walioutawala hawakukubali kuuita mji mkuu. Waliupa jina la makao ya muda, maana walisema watarudi nyumbani. Kila familia iliyokimbia na kuacha nyumba, shamba na makaburi ya wazee inaijua hali hiyo ya kuishi na mizigo haijafunguliwa yote. Makao hayo ya muda yalidumu karibu miaka 140, mpaka Wamongolia walipouchukua mji mwaka 1276.

Katika muda huo Hangzhou iligeuka mmoja wa miji mikubwa kuliko yote duniani. Waliokimbia ndio walioleta ufundi wao, mapishi yao, hata usemi wao. Mpaka leo wataalamu wa lugha wanasikia katika Kichina cha mtaani cha Hangzhou alama za lugha ya kaskazini, tofauti na vijiji vya jirani.

Kuna habari ya mama mmoja aliyeitwa Song, iliyoandikwa na watu wa zama hizo. Mwaka 1179 mfalme mstaafu alikuwa akitembea kwa boti ziwani. Akakutana na mama muuza supu ya samaki, ambaye alieleza kwamba yeye ni mtu wa Kaifeng na alikuja huku akifuata msafara wa waliokimbia. Mzee akaonja, akakumbuka nyumbani, akampa zawadi. Baada ya hapo watu walifurika kununua supu yake. Mikahawa ya kando ya ziwa bado inauza supu ya Mama Song, na watalii wanaipiga picha kabla ya kula.

Hii ndiyo sehemu ya ziara ambayo haifai kurukwa. Mama aliyekimbia vita, anayepika ukingoni mwa ziwa ili watoto wale, yupo pia Goma, Minova, Kalehe, Uvira. Mara nyingi anaitwa mzigo. Hangzhou inaonyesha kwamba mtu wa namna hiyo anaweza kuwa sehemu ya jina la mji kwa karne nane, mradi asifukuzwe mahali anapoweka sufuria.

Makaburi na matofali

Kaskazini ya ziwa, karibu na mwanzo wa tuta la Su, kuna hekalu na kaburi la Yue Fei. Alikuwa jenerali aliyezaliwa Henan, aliyepigana ili nchi ya kaskazini irudishwe na watu warudi kwao. Alipokaribia kufanikiwa, wakubwa walikuwa wameshaamua kufanya mapatano na adui. Aliitwa arudi, akafungwa, akauawa mwaka 1142. Mbele ya kaburi kuna sanamu nne za chuma za watu waliolaumiwa kwa kifo chake, akiwemo waziri Qin Hui na mke wake, wamepiga magoti mikono nyuma. Kwa karne nyingi wapita njia waliwatemea mate. Sasa jambo hilo limekatazwa, ila watu bado wanasimama na kuwatazama kwa hasira. Waliokimbia kaskazini hawakurudi. Kumbukumbu ya anayeuza haki yao ya kurudi ndiyo iliyobaki, na haijachoka.

Kusini kuna mnara wa Leifeng, uliojengwa mwaka 975. Hadithi maarufu inasema chini yake alifungiwa nyoka mweupe aliyegeuka mwanamke na kumpenda kijana aliyekutana naye kwenye Daraja Lililovunjika. Lakini kisa cha kweli kinafundisha zaidi. Watu waliamini kwamba matofali ya mnara ule yanafukuza magonjwa na kuleta bahati. Basi kila mmoja alichukua kipande. Kipande kimoja hakikuonekana kuwa kitu. Mnamo Septemba 1924 mnara mzima ulianguka. Ule unaoonekana leo, wenye lifti, ulimalizika 2002, na mabaki ya wa zamani yamehifadhiwa ndani yake nyuma ya vioo.

Hakuna aliyebomoa Leifeng. Kila mtu alichukua tofali lake tu. Vivyo hivyo hakuna anayeharibu Kivu. Kila mtu anatupa chupa yake tu, na kila tajiri anajenga ukuta wake tu.

Tiketi zilizoondolewa

Karne zilizofuata kazi haikukoma. Mwaka 1508 gavana Yang Mengying, mtu wa kutoka mbali pia, aliondoa mashamba yaliyokuwa yamelimeza ziwa upya, mengi yakiwa ya wenye nguvu. Katika miaka ya 1950 kina kilikuwa kimebaki karibu nusu mita tu, na serikali ikachimbua hadi kufikia mita 1.8. Uchimbuaji mwingine ulifanyika kuanzia 1999. Siku hizi maji ya Mto Qiantang husafishwa na kuingizwa ziwani, hivi kwamba maji ya ziwa zima hubadilika takriban mara moja kwa mwezi.

Kisha mwaka 2002 mji ulianza kuondoa kuta na tiketi za bustani zilizozunguka ziwa. Wengi waliona ni kutupa pesa. Ilikuwa kinyume. Mtu asiyelipa mlangoni hukaa siku nyingi zaidi, hula, hulala, hununua chai ya Longjing inayolimwa kwenye vilima vya karibu. Bado watu hulipia boti, mnara wa Leifeng na hekalu la Yue Fei. Ila kutembea ukingoni, kukaa chini ya mti na kutazama maji ni bure kwa bilionea na kwa mfagiaji. Jioni wazee hucheza dansi, watoto wanakimbia, na wafanyakazi wanakula chakula chao kwenye mabenchi.

Tusi lisifichwe katika sifa hizo. Upanuzi wa miaka hiyo uliwahamisha wakaaji wengi na viwanda kutoka pembeni ya ziwa, na uzuri wa mtu mmoja ulikuwa kuhama kwa mwingine. Wiki ya kwanza ya Oktoba, wakati wa sikukuu ya taifa, Daraja Lililovunjika hujaa watu hata mawe hayaonekani. Na tena China ina amani, pesa na serikali inayofika kila mtaa. Kumwambia mtu aliyelala chini ya hema apande mierebi ni kumdhihaki.

Kinachodaiwa si mierebi

Hoja si kwamba Kivu au Tanganyika vifanane na Xi Hu. Hoja ni kwamba mambo mawili yaliyoliokoa ziwa lile hayahitaji utajiri wa China.

La kwanza ni ukingo ulio wazi. Goma na Bukavu, sehemu nyingi za ukingo zimefungwa na kuta za viwanja vya watu binafsi, na njia za mtoto mwenye bidoni ni chache na zenye msongamano. Kuacha njia wazi hadi majini, na kuzilinda, hakuhitaji mfadhili. Kunahitaji kiongozi wa kusema hapana kwa mwenye pesa, kama Yang Mengying alivyofanya.

La pili ni kumhesabu mgeni kuwa mtu wa kazi. Misaada inapofika, sehemu yake ingeweza kulipa vijana waliokimbia pamoja na vijana wenyeji wasafishe mifereji, waondoe plastiki, wainue kingo zinazobomoka. Su Shi alifanya hivyo kwa mchele. Kufanya hivyo hakumfutii mtu haki ya kurudi kijijini kwake. Waliokimbilia Hangzhou waliendelea kudai nyumbani kwao huku wakiujenga mji waliomo.

Mfanyabiashara atakayepata siku moja kati ya kontena na ndege aende akaone. Aanzie Daraja Lililovunjika asubuhi mapema kabla ya umati, afuate njia ya Bai, apite kwa Yue Fei, atembee tuta lote la Su hadi Leifeng, kisha amalizie ukingo wa mashariki jioni, taa zinapowaka. Ni saa nne au tano kwa miguu. Na anapotuma picha nyumbani, aandike chini yake majina ya waliolitunza ziwa hilo na kila mmoja alitoka wapi.